Hakuna Mali

Baba yangu alikuwa fundi mitambo. Katika vitu vichache alivyotuachia limo kaunta buku la jalada gumu, ambamo aliandika kila siku ya kazi yake kwenye kiwanda kimoja cha kubangua korosho huko kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kurasa za mbele zimejaa: beringi imebadilishwa, mkanda umekatika, boila imewashwa saa kumi alfajiri. Kuanzia katikati maneno yanapungua. Kurasa za mwisho zina tarehe tu, na mbele ya kila tarehe maneno mawili kwa mwandiko wake ulioinamia kulia: hakuna mali.

Mali, kwa watu wa kiwandani, ni korosho ghafi. Nikiwa mtoto sikuona ajabu. Nilipokua nikaanza kujiuliza kiwanda cha korosho kinakosaje korosho katika nchi ya mikorosho. Novemba 2024 nililitia daftari begini, nikaenda Mbagala, Dar es Salaam, nikapanda basi la alfajiri la kwenda Mtwara.

Aliyekaa kando yangu alikuwa mama mmoja mtu mzima, nesi mstaafu, anakwenda msibani Lindi. Tulipofika Daraja la Mkapa, juu ya Mto Rufiji, alinigusa mkono nitazame chini. Rufiji ya Novemba ilikuwa imejikunja katikati ya mchanga wake, maji machache, ndege weupe wamesimama pembeni. "Hapa mimi nimelala siku nne, mwanangu, na mtoto mgongoni, nikisubiri pantoni," alisema. Daraja lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo, na hata baadaye, kwa sababu kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichelewa sana kutiwa lami, masika yakianza Lindi na Mtwara ziligeuka kisiwa. Magari yalizama kwenye tope, bidhaa zikapanda bei, wagonjwa wakakwama njiani. Nilikuwa nimefunga safari kutafuta habari za bei na viwanda, na kabla ya nusu ya njia nimeshapewa sababu ya kwanza. Mkulima ambaye barabara yake hufungwa kila mwaka hana pa kusimama akabishana bei. Anayefika kwake ndiye anayesema.

Somanga tulikula samaki wa kukaanga tukiwa wima. Baada ya Nangurukuru nilisinzia, na nilipozinduka mikorosho ilikuwa imeanza kuandamana na barabara, matawi yake mapana yakigusa ardhi, chini yake wanawake na watoto wameinama wakiokota. Harufu ya mabibo yaliyoiva iliingia madirishani, tamu na kali kidogo, ile ambayo mtu aliyezaliwa kusini huijua hata usingizini.

Mji wa kiwanda cha baba siutaji, maana walionipokea walinikarimu na hawakuniomba niwaandike. Mlinzi alisikiliza maelezo yangu, akalitazama daftari, akafungua geti. Jengo ni kubwa kuliko nilivyolikumbuka. Paa la juu sana, kuta zimeingia ukungu, na sakafuni bado zipo nati kubwa zilizofungia mitambo, zimekatwa usawa wa saruji. Nilichuchumaa nikazihesabu, kwa sababu baba alizitaja zote kwa namba. Nilipoinua kichwa ndipo nilipotazama vizuri kilichojaza ukumbi ule: magunia ya korosho ghafi, yamepangwa mpaka karibu na paa, kutoka ukuta hadi ukuta. Kiwanda kimekuwa ghala.

Mali ilikuwapo. Mitambo ndiyo haikuwapo.

Nilikaa juu ya gunia muda mrefu. Mlinzi alidhani nimeugua, akaniletea maji.

Habari ya viwanda vile inajulikana, lakini inafaa isemwe kwa mpangilio wake. Katika miaka ya 1970 Tanzania ilikopa, sehemu kubwa kutoka Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vya kubangua korosho kwa ajili ya kuacha kuuza korosho ghafi India. Wazo lenyewe lilikuwa jema, na mpaka leo ninaliona jema. Mitambo ilitoka Italia na Japani. Viwanda vyote pamoja vilikuwa na uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka, kwa sababu msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000, na waliopanga walidhani mstari ule utaendelea kupanda. Uliporomoka. Msimu wa 1986/87 zilivunwa kama tani 17,000 tu. Juu ya hapo mitambo ilivunja korosho nyingi, wakati soko hulipa vizuri korosho karanga nzima, zile ambazo mikono ya wanawake wa Kollam, India, huzitoa bila ufa. Na spea zilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Baba aliandika mahali fulani kwamba amechonga kipuri kwa tupa kwa siku tatu. Siku ya nne kipuri kilifanya kazi. Siku ya tano: hakuna mali.

Lakini mikorosho yenyewe ilikwenda wapi? Mti unaoishi miaka arobaini na zaidi haupotei kwa misimu kumi. Jibu la swali hilo sikulipata mjini. Ilibidi nipande uwanda wa Makonde.

Kabla ya kupanda nilipita Mtwara, nikaenda hadi karibu na bandari. Malori ya korosho yalikuwa yamepanga foleni, madereva wamelala chini ya matela, kanga zimetundikwa kuzuia jua. Bandari hii ya kina kirefu isingekuwapo kama si karanga. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waliamua London kwanza, udongo wakaupima baadaye. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua hazikutii mpango, matrekta yakafa. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, walipa kodi wa Uingereza wakiwa wamepoteza kama pauni milioni 36. Bandari ilikamilika mwaka 1954, zao lililojengewa likiwa limeshakufa. Reli ya kutoka pwani hadi Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo kusini kulianza zamani kujua uamuzi unaoshuka kutoka mbali, ukiwa na fedha nyingi na haraka nyingi, kisha ukaondoka na vyuma vyake.

Barabara ya Newala ilitoka Mtwara kwa lami, halafu vumbi jekundu. Uwanda wa Makonde uko juu, una upepo, na hauna maji. Niliona kina mama wamepanga ndoo kwenye bomba lililokauka wakiongea kwa utulivu wa watu waliozoea kusubiri. Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa umri wa baba yangu, rafiki wa rafiki, mwenye ekari kadhaa za mikorosho ukingoni mwa uwanda, mahali ambapo ardhi inakatika ghafla na chini kabisa linaonekana bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwenye daftari ni wewe?"

Habari zilikuwa zimenitangulia.

Alinionyesha bondeni kwa fimbo. "Mikorosho ya baba yangu iko kule. Mwendo wa saa mbili na nusu kushuka, kupanda sikuambii." Mwanzoni mwa miaka ya 1970, vita vya ukombozi vikiwaka ng'ambo ya mto na sera ya vijiji vya ujamaa ikiwa imeshika kasi, familia yao ilihamishiwa kijijini huku juu. Waliahidiwa shule na zahanati, na shule kweli ilijengwa, na anashukuru. Lakini mkorosho hauhamishwi. Unataka upaliliwe, matawi yapunguzwe, majani makavu yaondolewe moto usije ukapita. Mwaka wa kwanza baba yake alishuka kila wiki. Mwaka wa tatu alishuka wakati wa kuokota tu. Mwaka wa tano moto ulipita. Kisha ukaja ubwiriunga, ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua kabla hayajashika, na shamba lisilo na mwenyewe likawa kitalu cha ugonjwa.

Nikamuuliza kuhusu bei. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mnunuzi akabaki mmoja, mamlaka ya serikali, kwa bei moja iliyotangazwa kutoka juu. Alinyamaza kidogo. "Bei ilikuwa ndogo, ndiyo. Lakini hata hiyo ndogo, ukiipata uende nayo wapi? Duka la kijiji lilikuwa na kiberiti na kaunta. Sukari hakuna, sabuni hakuna, kanga hakuna. Mke wangu aliniuliza, unaokota kwa ajili ya nani?"

Nikafungua daftari nikamsomea kurasa za mwisho, tarehe baada ya tarehe. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kidevu.

"Kumbe alikuwa anatusubiri sisi," alisema.

Sijasoma uchambuzi wa uchumi ulioniingia kama sentensi hiyo. Watu wawili wa nchi moja, mmoja kiwandani ameshika spana, mwingine ukingoni mwa bonde anatazama miti ya baba yake, wote wanangoja. Aliyewatenganisha hakuwa adui. Walikuwa watu waliopanga makazi bila kufikiria miti, na wengine waliopanga viwanda bila kufikiria makazi, na wote waliamini wanamsaidia mkulima.

Baadaye soko lilifunguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa, salfa ya kuzuia ubwiriunga ikaenea kutokana na kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mavuno yalivuka tena tani 100,000. Soko lazima nilitendee haki: lilirudisha watu shambani, jambo ambalo hotuba zilishindwa. Ila soko lililokuja lilitaka korosho ghafi tu. Lilizipakia melini kwenda India, na baadaye Vietnam, kubanguliwa huko na kuuzwa ulimwenguni. Viwanda vya hapa vilibinafsishwa, na vingi wenye navyo waliona faida ipo kwenye paa, si kwenye mitambo. Ndivyo ukumbi wa baba ulivyopata magunia yake.

Soko lilikuja pia na kangomba. Mzee alilitamka neno hilo kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa peke yetu. Kangomba ni kununua kienyeji, kwa kipimo cha mnunuzi, mara nyingi mwezi wa tano au wa sita wakati mkulima hana kitu na mtoto anadaiwa ada. Unachukua fedha kidogo leo, unalipa gunia msimu ukifika. Ili kuwaepusha wakulima na hilo, kuanzia msimu wa 2007/08 ukaletwa mfumo wa stakabadhi ghalani: korosho zinapimwa kwenye chama cha msingi, unapewa stakabadhi, zinakusanywa ghala kuu, zinapigwa mnada, fedha zinakuja baada ya makato. Bei zikapanda kweli. Lakini mfumo unamlipa mkulima baadaye, na njaa inamdai sasa, kwa hiyo kangomba haikufa.

Kisha mzee akanieleza mwaka 2018, na hapa nitakaa, kwa sababu yeye mwenyewe alikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa furaha. Nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000 na mnadani bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Watu waliezeka mabati, wakanunua pikipiki. Katikati ya 2018 sheria ya fedha ilibadilishwa: ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje, ambao asilimia 65 yake ilikuwa ikirudi kwenye zao kwa ajili ya pembejeo, utafiti na maendeleo yake, ukaelekezwa wote mfuko mkuu wa serikali. Wabunge wa kusini walilalamika sana bungeni. Oktoba ilipofika soko la dunia lilikuwa limeanguka, wanunuzi wakaja na bei za chini, wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yatazisomba.

"Siku hiyo tulicheza ngoma," mzee alisema. "Usiandike kwamba hatukufurahi."

Alikuwa na kilo zaidi ya 2,000. Baadhi zilikuwa za dada yake mjane na za shemeji yake, zilizopimwa kwa jina lake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na akaunti benki. Wenye zaidi ya kilo 1,500 walipaswa kuhakikiwa, kuhakikisha si wafanyabiashara wa kangomba. Vijana wakaja, wakapima shamba, wakahesabu miti, wakauliza korosho za ziada zimetoka wapi. Akaeleza. Wakaandika. Desemba ikapita, Januari ikapita. Serikali ilikuwa na takriban tani 225,000 mikononi, bila kiwanda cha kuzibangua na bila mteja wa kuzichukua. Kampuni moja ya Kenya ilitia saini mwezi Januari 2019 kununua tani 100,000, na mkataba ukavunjika miezi michache baadaye. Mzee alilipwa Julai.

"Fedha nilipata zote. Sikudhulumiwa hata senti," alisema, akitaka nielewe vizuri. "Lakini salfa hupulizwa kuanzia Mei, Juni, maua yakitoka. Julai mimi nimeshika noti mkononi, na maua yameshakuwa meusi. Mkorosho haujui uhakiki."

Nimeyafikiria maneno yake tangu siku hiyo. Watu wa serikali na watu wa soko hubishana kama bei ipangwe na ofisi au na mnada, na mimi pia nimebishana hivyo kwenye vijiwe vya Dar es Salaam. Mzee habishanii hilo. Amekwisha kuishi chini ya mnunuzi mmoja, chini ya wanunuzi wengi, chini ya mnada na chini ya jeshi, na kila mmoja amempa msimu mzuri mmoja au miwili. Anachotaka ni kujua Mei kile atakacholipwa Oktoba kinafika lini. Nimeshawishika kwamba kutojua huko ndiko kulikodumaza uchumi wa kusini kuliko bei yoyote mbaya, kwa sababu mtu asiyejua hawezi kuwekeza hata kama ana mti, ardhi na nguvu.

Nilikwenda kuuona mnada, katika uwanja wa shule chini ya mwembe. Msimu huo mnada ulifanyika kwa mtandao. Zabuni zilionyeshwa kwenye skrini na wakulima wakaamua. Mnada wa kwanza wa Oktoba bei ilikuwa imevuka shilingi 4,000, na siku niliyokuwapo ilikuwa imeshuka, lakini walikubali kwa kunyoosha mikono, kwa sababu mvua za kwanza zimeonekana na korosho ikilowa inashuka daraja. Watu walikuwa na uso mzuri. Kwa misimu kadhaa serikali ilikuwa ikigawa salfa bila malipo, na mavuno ya msimu huo yalikuja kuvuka tani 500,000, kiasi ambacho nchi haikuwa imewahi kuvuna. Nilifurahi pamoja nao, kwa moyo wote. Nilipouliza ngapi zitabanguliwa nchini, karani wa chama alitabasamu kwa huruma.

Jibu alinipa dada mmoja anayeongoza kikundi cha wanawake wabanguaji. Tulikaa uani kwake, wenzake wakipiga korosho moja moja, vidole vimepakwa majivu yasiunguzwe na mafuta ya ganda. "Kaka yangu, korosho inauzwa miezi mitatu," alisema. "Nikitaka kazi ya mwaka mzima lazima ninunue ya mwaka mzima katika miezi hiyo mitatu. Fedha hizo sina. Nikikopa, riba inakula faida kabla sijavunja ganda la kwanza. Anayenunua kwa ajili ya Vietnam ana mkopo wa bei nafuu, na yetu ikiisha anachukua ya Afrika Magharibi, ya Cambodia. Kiwanda chake hakilali." Kwake kazi huisha mwezi Machi. Wanawake wanarudi kulima mihogo, na mikono inasahau kasi yake. Uani pale hakuna aliyezembea. Kuna hesabu tu, na hesabu hiyo imeandikwa mbali na pale.

Nilimwuliza akikosa korosho wanasemaje hapo kikundini. Alidhani sijaelewa Kiswahili cha kusini. "Tunasema hakuna mali."

Asubuhi yangu ya mwisho Newala nilimkuta mzee kwenye kipande cha ardhi kilichosafishwa upya, nyuma ya nyumba, na rundo la vijiti na kamba yenye mafundo. Ameagiza miche ya mikorosho bora, ile ya kubebeshwa, ambayo huanza kuzaa mwaka wa tatu. Mashimo yanachimbwa sasa, miche itapandwa mvua zikikolea. Nilitaka kumuuliza kwa nini, baada ya yote aliyonieleza, na ana miaka sabini na kitu. Alinipa ncha ya kamba kabla sijafungua mdomo.

"Mita kumi na mbili kila upande," alisema. "Vuta, mwanangu, usilegeze."

Nikaliweka daftari kwenye kisiki, nikavuta. Tulikuwa tumesimamisha vijiti ishirini na saba upepo ulipoanza kuleta harufu ya mvua kutoka bondeni. Nikamuuliza shimo la kwanza lianzie wapi. Akasogea hatua mbili, akapakwangua kwa kisigino, akanipa jembe.